Pikapu Mpya na Matairi Yake: Yabadilishe Sasa au Uyamalize?

Ukinunua pikapu mpya, hazipiti siku nyingi kabla ya mtu kukuambia: "Toa hayo matairi ya kiwandani, funga AT." Utaambiwa gereji, utaambiwa kijiweni, na fundi tairi atakuambia huku akikuonyesha seti aliyonayo dukani. Ushauri huo unawafaa baadhi ya wenye pikapu na unawatia hasara wengine. Seti nzima ni pesa nyingi, na matairi yaliyokuja na gari umeshayalipia. Kwa upande mwingine, tairi lisilofaa njia yako likipasuka ukiwa na mzigo na watu ndani, hasara yake haipimwi kwa pesa. Mwongozo huu utakusaidia kuamua mwenyewe, kwa hesabu na kwa macho yako.

JIBU KWA UFUPI
- Yaache kama unapita zaidi lami na barabara za vumbi zilizotengenezwa, na mzigo wako hauzidi uwezo wa gari.
- Badilisha mara moja kama matairi yana kasoro au yamezeeka, kama kila wiki unapita kwenye mawe makali au tope zito, au kama unabeba mzigo mzito kila siku na tairi ulilonalo ni la gari dogo.
- Kama hujui uko wapi, andika njia zako kwa wiki mbili kabla ya kutoa hata shilingi.
- Kanuni ya pesa: badilisha yakiwa mapya kabisa, au yakikaribia kuisha. Pesa hupotea zaidi katikati.

## Kwa nini kiwanda kiliweka matairi hayo

Kiwanda hutengeneza pikapu ya kuuzwa nchi nyingi. Kwa hiyo hutafuta tairi lisilo na kelele, jepesi, linalobana mafuta, linaloshika lami iliyolowa, na linalopatikana kwa bei nzuri likinunuliwa kwa wingi. Breki, usukani na shokapu vilijaribiwa gari likiwa limevaa tairi hilo. Ukilitoa, unapata kitu na unapoteza kitu. Lazima ujue ni kipi.

Matairi ya pikapu yako makundi matatu:

- HT ni tairi la barabara kuu. Meno yake yamekaribiana, linakwenda kimya na hufunga breki vizuri kwenye lami yenye maji. Udhaifu wake ni tope, na ubavu wake haukutengenezwa kwa mawe makali.
- AT ni tairi la njia mchanganyiko. Meno yameachana zaidi, na mengi yana ubavu mgumu zaidi. Hustahimili changarawe na mawe. Lina kelele zaidi, ni zito zaidi, na hula mafuta kidogo zaidi.
- MT ni tairi la tope. Meno ni makubwa na mapengo ni mapana ili tope lidondoke lenyewe. Kwenye lami huunguruma, huisha haraka, na mvua ikinyesha breki zake hazifikii za HT.

Angalizo. Herufi M+S ubavuni hazimaanishi kwamba tairi ni AT. Zinahusu mpangilio wa meno tu, na HT nyingi zinazo. Alama ya mlima wenye theluji inaonyesha tairi lilijaribiwa kwenye theluji. Ukiwa Singida au Nakuru, usiiongezee hata senti.

## Hatua ya 1: Soma ubavu wa tairi

Chuchumaa kando ya gurudumu la mbele, geuza usukani hadi mwisho ili ubavu uonekane, ufute vumbi kwa kitambaa. Tuseme unakuta 265/65R17 112S, saizi inayopatikana kwenye Hilux nyingi.

1. 265 ni upana wa tairi kwa milimita.
2. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
3. 112 ni namba ya uwezo wa mzigo, ambayo ni kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili. Namba 110 ni kilo 1,060, na 116 ni kilo 1,250.
4. S ni mwendo wa juu ambao tairi linaruhusiwa, yaani kilomita 180 kwa saa. R ni 170, T ni 190.
5. Ukiona LT mbele ya saizi, au C baada ya namba ya rimu, hilo ni tairi la gari la mzigo. Lina nyuzi imara zaidi na huhitaji upepo mwingi zaidi.
6. Tafuta neno DOT. Mwishoni mwa mfululizo wake kuna tarakimu nne. 2325 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2025. Huenda zikawa upande wa ndani, kwa hiyo chukua tochi ya simu.

Rudia kwa matairi yote matano, pamoja na spea iliyo chini ya bodi. Andika matokeo kwenye daftari la gari.

## Hatua ya 2: Tafuta kasoro kabla dhamana haijalala

Pikapu inaweza kukaa miezi mingi kwenye meli, bandarini na yadi. Tairi linalosimama muda mrefu mahali pamoja hubonyea upande mmoja. Tena, magari husafirishwa yakiwa na upepo mwingi kuliko wa kawaida, na mara nyingine hukabidhiwa hivyo hivyo. Mteja hulalamika kwamba matairi ya kampuni ni magumu na gari linaruka, kumbe hakuna aliyepunguza upepo.

Fanya hivi ndani ya wiki ya kwanza:

1. Fungua mlango wa dereva utafute kibandiko cha upepo kwenye nguzo. Mara nyingi kina mistari miwili: gari tupu, na gari lenye mzigo kamili.
2. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi la moto husoma juu kuliko upepo wake halisi.
3. Rekebisha upepo kulingana na kibandiko, kisha endesha siku kadhaa kabla ya kutoa hukumu yoyote juu ya matairi.
4. Kama usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa, dai balansi. Kama gari linavuta upande mmoja, dai alaimenti.
5. Pitisha kiganja ubavuni. Uvimbe hata mdogo ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halifai kuendeshwa.
6. Ukiona nyufa, uvimbe, au tairi moja limeachana na mengine kwa miaka, piga picha na upeleke dai kwa maandishi kwa aliyekuuzia.

Kampuni nyingi kubwa za matairi hushauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka likishafika miaka mitano, na litolewe likifika miaka kumi hata kama meno bado yapo. Gari jipya lenye matairi ya miaka mitatu limekupunguzia miaka hiyo. Dai hilo ni halali yako, na ni rahisi kusikilizwa kabla hujamaliza kusaini makabidhiano.

## Hatua ya 3: Andika njia zako kwa wiki mbili

Wengi hununua matairi kwa ajili ya safari moja wanayoiota, si kwa njia wanayopita kila siku. Kwa wiki mbili, kila jioni, andika kilomita ulizotembea kwenye makundi haya manne:

| Njia | Mfano | Tairi linalofaa |
|---|---|---|
| Lami | Dar es Salaam hadi Iringa | HT |
| Vumbi na changarawe iliyotengenezwa | Barabara nyingi za wilaya | HT au AT |
| Mawe makali | Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron | AT yenye ubavu mgumu |
| Tope zito | Udongo mweusi wa Usukumani au Mwea wakati wa masika | AT, au MT kama ni kila siku |

Kisha soma hesabu yako hivi:

- Mawe na tope chini ya sehemu moja ya kumi: baki na HT. Punguza mwendo kwenye mawe, na tope likizidi subiri likauke.
- Kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi: AT itakusaidia, lakini hakuna haja ya kukimbilia. Maliza ulizonazo kwanza, isipokuwa kama uko ndani ya mwezi wa kwanza.
- Zaidi ya theluthi: badilisha sasa. Ubavu wa HT ukikatwa na jiwe hauzibiki kwa usalama, na kila tairi utakalopoteza hivyo linakula pesa uliyodhani unaiokoa.

Vipimo hivi ni vya kukuongoza tu. Kama wewe ni mganga wa zahanati au mwalimu unayepita njia mbaya mara chache lakini ukikwama hakuna mtu wa kukuvuta, uzito wa hizo kilomita chache ni mkubwa zaidi. Hesabu pia umbali wa kufika kwa fundi wa karibu.

Angalizo. Ule udongo mweusi hujaza hata meno ya AT ndani ya mita chache. Usiamini kwamba AT peke yake itakupitisha. Kamba imara, koleo na jembe vina nafasi yao kwenye bodi.

## Hatua ya 4: Pima mzigo, si kwa macho

Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 1,000. Kwa pikapu nyingi za tani moja, hapo bado hujahesabu dereva, abiria na jenereta iliyofungwa nyuma. Uwezo wa gari lako umeandikwa kwenye kitabu chake. Kutoka hapo, toa uzito wa watu na vifaa ulivyoongeza, kama kava la bodi na bampa la chuma. Kinachobaki ndicho mzigo wako halali.

- Ukiwa ndani ya uwezo, mara nyingi unachohitaji ni upepo wa mzigo ulioandikwa kwenye kibandiko, si matairi mapya.
- Ukibeba mzigo mzito karibu kila siku, na matairi yako hayana LT wala C, kuhamia LT au C mapema ni uamuzi wa busara.
- Ukizidisha uwezo wa gari, tairi gumu halitakuokoa. Ekseli, springi na breki zimebaki zile zile.

Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, hupata joto, na joto hilo hudhoofisha mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma ndani yake. Agosti 2000 huko Marekani, Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya uso wa matairi kubanduka magari yakiwa kwenye mwendo na watu wengi kupoteza maisha. Joto na upepo vilikuwa katikati ya uchunguzi ule. Geji ya upepo ni kifaa cha bei ndogo. Iwe nayo kila pikapu.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa

Namba zifuatazo ni za mfano. Weka bei za mji wako.

Tuseme matairi manne ya HT ya aina yako yanauzwa shilingi 1,800,000, na yanadumu kilomita 50,000. Kila kilomita inakula shilingi 36. Unataka kuhamia AT. Swali ni hili: utatupa thamani kiasi gani ya matairi unayoyatoa?

| Unapobadilisha | Thamani iliyobaki | Ukiuza unapata | Unapoteza |
|---|---|---|---|
| Siku ya kwanza | 1,800,000 | 1,400,000 | 400,000 |
| Kilomita 15,000 | 1,260,000 | 600,000 | 660,000 |
| Kilomita 40,000 | 360,000 | 0 | 360,000 |
| Kilomita 45,000 | 180,000 | 0 | 180,000 |

Tairi lililotoka kwenye gari jipya na bado lina vinyweleo vya kiwandani hupata mnunuzi haraka. Likishatembea, bei yake hushuka upesi kuliko meno yake yanavyoisha. Ndiyo maana uamuzi unafaa uwe wa wiki za mwanzo, au usubiri. Anayebadilisha kilomita 15,000 kwa sababu ya kuvutiwa na gari la mwenzake ndiye anayeumia zaidi.

Hesabu hii haihusu tairi lenye kasoro wala njia inayohatarisha maisha. Hapo unabadilisha bila kuuliza imebaki thamani gani.

## Ukiamua kubadilisha

1. Anza na aliyekuuzia gari. Uliza kama atakubali kubadilishana kabla ya makabidhiano ukiongeza tofauti ya bei. Wengine hukubali.
2. Baki na saizi ile ile. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, gurudumu linakuwa kubwa kwa takriban asilimia 3.4. Dashibodi ikisoma 100, wewe uko 103. Ukiingia kijijini na mshale uko 50, umeshapita 50, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako. Tairi kubwa linaweza pia kugusa bodi usukani ukikatwa hadi mwisho.
3. Usishuke namba ya mzigo. Ikiwa 112, nunua 112 au zaidi. Herufi ya mwendo nayo usiishushe chini ya ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari.
4. Soma tarehe ya DOT kabla ya kulipa. Soma kila tairi, si moja la juu ya rundo. Kataa lililokaa dukani miaka.
5. Nunua matano kama aina au saizi inabadilika. Spea yenye kipenyo tofauti itumie kufika kwa fundi tu, mwendo wa pole, wala usiingize 4H au 4L ukiwa nayo. Magurudumu yasiyolingana hukamua gia za mfumo huo.
6. Simamia ufungaji. Dai balansi, vali mpya, na alaimenti. Kama rimu zina vitambuzi vya upepo, mwambie fundi kabla hajaingiza chuma.
7. Kaza nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kipimo cha kitabu cha gari.
8. Tafuta upepo mpya kama umehamia LT. Kwa upepo ule ule, LT hubeba mzigo mdogo kuliko tairi la kawaida la saizi hiyo. Muulize muuzaji jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji, usikisie.
9. Waarifu kampuni ya bima na aliyekupa dhamana kama saizi imebadilika, na utunze risiti.

KIPIMO CHA CHAKI
Ukishaweka upepo mpya, hakiki hivi. Simamisha gari kwenye lami kavu na tambarare, likiwa na mzigo wako wa kawaida. Chora mstari mnene wa chaki ukikatiza uso wa tairi kutoka bega hadi bega. Endesha mita 50 bila kukata kona, kisha shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Ikifutika sawasawa, uko vizuri. Kipimo hiki hakikupi ruhusa ya kushuka chini ya jedwali la mtengenezaji.

## Ukiamua kuyamaliza

1. Pima upepo kila wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu, tairi likiwa baridi.
2. Hamisha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Spea ikiwa ya aina na saizi ile ile, iingie kwenye mzunguko.
3. Kwenye barabara yenye mawimbi na mawe, shusha mwendo. Mwendo hukata matairi mengi kuliko mawe yenyewe.
4. Anza kutafuta bei meno yakifika milimita 4. Vile vituta vidogo ndani ya mifereji ya tairi viko kwenye milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekuwa kipara.
5. Kama masika yanakaribia na meno yako chini ya milimita 3, badilisha kabla ya mvua. Mifereji ikiwa mifupi haitoi maji ya kutosha, na gari huelea juu ya lami.

## Makosa yanayojirudia

- Kununua kwa sura. MT inapendeza kwenye picha. Kwa anayekwenda ofisini Nairobi au Arusha, ni kelele na breki dhaifu kila mvua.
- Kubadilisha mawili tu ya aina nyingine. Mbele na nyuma zikishika barabara tofauti, gari huteleza bila kukupa dalili.
- Kupunguza upepo wa tairi la moto. Likipoa litakuwa na upepo mdogo kuliko unaotakiwa.
- Kulinganisha bei ya tairi badala ya bei ya kilomita. Tairi la bei ya chini linaloisha nusu ya muda limekugharimu zaidi.
- Kusahau spea. Iko nje, inakula vumbi na kupoteza upepo, na siku ya kuihitaji ni ile uliyo mbali na watu.

## Orodha ya mwisho kabla ya kulipa

☐ Nimesoma DOT ya matairi yote matano.
☐ Upepo umerekebishwa kwa kibandiko, na nimeendesha nao.
☐ Hakuna uvimbe, ufa wala mtetemo. Au dai limewasilishwa kwa maandishi.
☐ Nina rekodi ya njia zangu za wiki mbili.
☐ Najua mzigo halali wa gari langu kwa kilo.
☐ Nimepiga hesabu ya thamani nitakayopoteza.
☐ Matairi mapya yana saizi sahihi na namba ya mzigo isiyopungua ya zamani.
☐ Nimepanga bei ya tairi la tano, alaimenti na balansi.

Kama visanduku vyote vina alama na bado hesabu inasema badilisha, nenda kalipe bila wasiwasi. Kama inasema subiri, ile pesa ya seti iweke akiba kidogo kidogo kila mwezi, ili siku meno yatakapofika milimita 3 ununue tairi unalolihitaji na si lile unaloweza kulimudu siku hiyo.